Choki ya kawaida, balasti ya elektroniki au LED: ipi kwa karakana?

seremala_wa_mtaa: Wakuu, nina taa za tyubu za futi 4, wati 36. Choki mbili zimeungua. Fundi mmoja anataka nirudishie choki zilezile, mwingine anasema balasti za elektroniki. Jioni umeme wetu hushuka. Nichukue ipi?

fundi_waya: Mkuu, tyubu ikishawaka gesi yake haina breki, mkondo ukipanda ukinzani unashuka. Bila choki ingeungua papo hapo. Choki ni waya wa shaba uliozungushwa kwenye mabati ya chuma. Kazi yake kuubana mkondo. Tena ndiyo inayowasha: stata, yaani swichi ndogo inayojifunga na kujiachia yenyewe, inafunga njia, nyuzi za ncha za tyubu zinapata moto, stata ikiachia choki inapiga volti mamia kadhaa. Ubaya wake inavuma, inapoteza kama wati 9 kwa joto, na umeme ukiwa mdogo tyubu inapepesa tu bila kushika.

nuru88: Balasti ya elektroniki inafanya kazi hiyohiyo ya choki, ila haitaki stata. Inapandisha kasi ya umeme kugeuka kutoka hezi 50 (mara 50 kwa sekunde) hadi kilohezi 20 (mara 20,000) na kuendelea, na tyubu inatoa mwanga uleule kwa umeme pungufu, kama asilimia 10. Ila za bei chee kapasita zake, vile vihifadhi chaji vya ndani, zinavimba mapema. Choki ni ngumu kufa, hilo tuseme ukweli.

kerezo_la_chuma: Mbona hamuulizi ana mashine gani? Kwa choki, tyubu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini msumeno wa duara unaweza kuonekana umesimama kumbe unazunguka!

seremala_wa_mtaa: Ninao huo msumeno. Basi choki hapana.

binti_fizikia: Nenda LED, wati 18 kwenye fremu hiyohiyo. Tyubu zina zebaki. Mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana kusitisha kutengeneza tyubu hizo, kuziagiza na kuziuza nje ya nchi ifikapo 2027.

fundi_waya: Sawa, ila soma boksi kwanza. Kuna LED inayotaka choki itolewe kabisa, na kuna inayoiacha, unabadili stata tu kwa ile inayokuja nayo, ambayo ndani ni fyuzi. Nyingine nyaya mbili za umeme, laini na nyutro, huingia upande mmoja wa tyubu. Usiunge kwa kubahatisha.

kerezo_la_chuma: Na LED mbovu nazo zinapepesa. Iwashe dukani, ielekezee kamera ya simu. Ukiona mistari inatembea, mwachie mwenyewe.