Msaada: faili ya shemeji yangu imetua mezani kwangu

BiKarani: Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni karani idara ya nyumba katika kaunti moja hapa pwani. Nakagua fomu za wanaoomba nyumba za bei nafuu, natia sahihi, kisha faili inaenda kwa kamati.

Jumanne nimefungua faili nikakuta picha ya mume wa mdogo wangu, kavaa shati lile lile la harusi yao. Hakunieleza kwamba ameomba. Stakabadhi zake ziko sawa. Wanalala watano chumba kimoja, mvua ikinyesha wanahamisha godoro. Lakini pale chini pameandikwa "Imekaguliwa na", na jina litakuwa langu. Jana mdogo wangu kapiga simu: "Dada, si wewe uko pale pale?" Bosi nilimdokezea mlangoni, akasema nisijitie presha. Nifanyeje?

MzeeMajengo: Mwanangu, usiiguse. Mimi nilimwambia mkubwa wangu kwa mdomo kwamba fundi aliyeomba zabuni ya kupaka rangi ni binamu yangu. Wakaguzi walipokuja, mkubwa akasema hakumbuki. Nikasimamishwa kazi miezi minane. Andika barua, igongwe muhuri wa kupokelewa, nakala ubaki nayo.

MamaWatatu: Mimi sioni kosa. Kama anastahili, mpitishie. Watoto wa wakubwa mbona wanapata?

Mwanasheria_Kisauni: Dada, kustahili kwake ni jambo jingine. Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya 2025 inamtaka mtumishi wa umma atangaze maslahi yake na ajitoe kwenye uamuzi, na maslahi ya jamaa yamo. Hata ile ya maadili ya 2003, iliyofutwa, ilikataza mambo haya. Ukitia sahihi kwa haki kabisa, bado aliyekosa nyumba atauliza, na ana haki ya kuuliza: anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kila mwezi kwa ajili ya nyumba hizi.

Barua iwe fupi: jina la mwombaji, undugu wenu, tarehe uliyoiona faili, ombi la kupewa karani mwingine. Usiandike kwamba anastahili, hilo ni la atakayekagua. Na tafadhali, usiifungie kwenye droo kwa kuogopa! Shemeji yako ana haki ya kuomba kama mkaazi mwingine yeyote.

MamaWatatu: Hapo nimeelewa. Na huyo mdogo wake amwambie nini?

MzeeMajengo: Amwambie ukweli. Na akiuliza faili imefika wapi, asimjibu. Kumpenyezea habari za kamati nako ni kumpendelea.

BiKarani: Nimerudi. Barua imepokelewa leo saa nne, muhuri upo. Faili iko kwa mwenzangu dirisha la tatu. Mdogo wangu kanikatia simu nilipomweleza, nimelia kidogo. Jioni shemeji mwenyewe kaniandikia: "Sikutaka kukuingiza, ndiyo maana sikukwambia."