Mrejesho: Rufaa baada ya makubaliano ya kukiri kosa (Kenya)

Niliuliza kama aliyekiri kosa kwa makubaliano na upande wa mashtaka anaweza kukata rufaa. Asanteni kwa majibu. Mambo ni haya.

Kifungu cha 137L cha Sheria ya Utaratibu wa Makosa ya Jinai kinaifanya hukumu hiyo kuwa ya mwisho. Rufaa inabaki kwa adhabu tu: ukubwa wake au uhalali wake. Ukiandika "ushahidi haukutosha", hoja hiyo inaanguka. Kutoka kwa hakimu, rufaa huenda Mahakama Kuu ndani ya siku 14. Ukichelewa, omba kwanza kuongezewa muda na ueleze sababu.

Kama ulidanganywa, hiyo si rufaa. Unarudi mahakama ileile iliyotoa adhabu na kuomba hatia na adhabu zifutwe kwa udanganyifu au maelezo ya uongo. Wengi hukosea hapa na kupoteza miezi.

Anzeni na nakala ya mwenendo wa kesi. Someni ukurasa wa siku ya kukiri: je, mshtakiwa alielezwa, kwa lugha anayoielewa, kwamba anaachilia haki ya kusikilizwa kesi nzima na ya kukata rufaa? Kifungu cha 137F kinamlazimu hakimu kufanya hivyo. Na mkumbuke, ombi la kufuta hatia na adhabu likikubaliwa kesi inaweza kuanza upya, pamoja na hatari ya adhabu kubwa zaidi.