Wafanyabiashara wa Unguja na Pemba tupeane uzoefu: hela ya duka na hela ya nyumba mnazitenga vipi?

DeraLaIdi: Asalam alaykum nyote. Mie nauza vitambaa na madera Darajani, na mwenye duka kule anajua, biashara yetu inachemka kuanzia Shaabani mpaka usiku wa kuamkia Idi, baada ya hapo unakaa mpaka Idi ya Hajj ndo unaona watu tena. Ile hela ya Ramadhani inakuja nyingi kwa mpigo na kila mtu nyumbani anaiona, mara ada ya skuli, mara harusi ya mtoto wa kaka, mara paa linavuja. Utaratibu wangu Idi ikisha nafunga hesabu kabla sijampa mtu senti, hela ya mzigo unaofuata inatoka kwanza inakwenda benki, kodi ya duka inatoka, halafu najilipa mshahara kama ninavyomlipa kijana wangu wa dukani, na huo mshahara ndo wa nyumbani, ukisha umekwisha. Wenzangu mnafanyaje, hasa nyie mnaopata kwa msimu?

MtuWaMtambwe: Waalaykum salaam dada. Huku Pemba karafuu haizai sawa kila mwaka, na watu wanafikiri kazi ni kuzipata, wallahi kazi ni hela ya kuzichuma. Wachumaji wakishuka jioni zinapimwa kwa pishi na kila mtu anataka chake pale pale, hawezi kukungoja uanike, zikauke, uzipeleke ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, ndo ulipwe. Asie na kitu mkononi siku ile anamuendea tajiri, anapewa pesa leo kwa karafuu ambazo bado ziko mtini, na bei anapanga tajiri. Nna majirani shamba ni lao lakini faida anakula mwengine miaka yote. Mie siku nnayolipwa nshajua ya wachumaji wa msimu ujao ni kiasi gani, na hiyo haiguswi hata kwa bati.

GestiPaje: Sie wa utalii msimu mbaya tunaujua, masika, Aprili na Mei vyumba vitupu lakini mlinzi yupo na umeme upo. Ya masika naitenga Agosti wageni wakiwa wamejaa. Ila kubwa nnalotaka kusema ni hela ya buking. Mgeni akituma advansi hiyo bado ni hela yake mpaka alale kwako. Machi 2020 ndege za nje ziliposimamishwa kwa ajili ya korona wageni wakaanza kudai warudishiwe, na walioishajengea ukuta ile hela walipata taabu kubwa mno. Yangu ilikuwa akaunti ya peke yake, nikawarudishia, na baadhi yao walikuja tena.

MamaUpatu: Mie upatu wa duka mbali na wa nyumba mbali, basi. Na ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, kuna mpango wa hiari kwa sie tuliojiajiri, nachangia kidogo kidogo maana hatuna kiinua mgongo.

AbuMaryam_Wete: Ndugu zangu msisahau zaka, hiyo pekee inakulazimisha ujue mali yako. Mwaka wa kiislamu ukitimia unahesabu bidhaa zote za kuuza kwa bei ya soko ya siku hiyo, sio uliyonunulia, unajumlisha taslimu na madeni unayotaraji kulipwa, unapunguza unayodaiwa, ikifika nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali, ambayo ni thamani ya gramu 85 za dhahabu unatoa asilimia 2.5. Kabati, mizani na friji havimo kwa sababu haviuzwi. Wengi wanakisia tu wakatoa laki moja wakaona wamemaliza, hii si sawa, ni haki ya watu ile.

BintiWaChake: Shekhe hapo kwenye madeni ndo penyewe. Marehemu baba alikuwa na duka la vyakula Chake Chake, hesabu zote kichwani mwake. Alipofariki wakaja watu wanasema wanamdai, hatuna pa kuangalia, na waliokuwa wanadaiwa na yeye hakuja hata mmoja. Kaka zangu wawili walikaa dukani tangu wametoka skuli, hawakuandikwa kuwa ni washirika wala hawakuwa na mshahara, sasa kwenye mirathi wanasema sehemu ya mali ni jasho lao, na kwa kweli ni jasho lao, lakini inathibitishwa vipi mbele ya kadhi? Watoto wa mama mmoja hatukusemezana muda mrefu. Leo duka letu kila aliyemo ana karatasi, huyu mshirika kwa kiasi hiki, huyu analipwa mshahara, imesainiwa na mashahidi.

DeraLaIdi: Allah amrehemu baba yako mwanangu. Kijana wangu ni mtoto wa dada, mshahara anapata ila maandishi hatuna. Hiyo karatasi mliandikiana wenyewe au mlikwenda kwa wakili?

BintiWaChake: Amin. Tuliandika wenyewe kwa Kiswahili, halafu wakili akaipitia na kugonga muhuri. Daftari la madeni pia sasa anayekopa anatia saini yeye mwenyewe, hata akiwa ami.