Mrejesho: bushi na leizi ya spindeli mbili

Wakuu, niliuliza kwa nini pande mbili za bushi zetu (vipande vifupi kama bomba) hazikai kwenye mhimili mmoja tukizigeuza kwa mkono kukereza upande wa pili. Mlioshauri leizi (mashine ya kukereza) ya kompyuta yenye spindeli mbili, yaani sehemu mbili zinazoshika na kuzungusha kazi, asanteni, tatizo limekwisha. Spindeli ya pili inasogea ikizunguka kwa kasi ileile ya spindeli kuu, inaidaka bushi kabla kisu hakijaikata kutoka kwenye nondo inayokerezwa. Hakuna kusimamisha wala kushika.

Kilichotusumbua ni kubana. Ukuta ni mwembamba, na presha ya chaki (kishikio cha taya tatu) ya spindeli ya pili ikizidi, tundu linatoka kama pembetatu bushi ikishaachiliwa. Tumepunguza presha, tukachonga taya laini (za metali inayochongeka) zifuate kipenyo cha bushi. Sasa spindeli ya pili inamaliza mapema inakaa bure, kwa hiyo tumeihamishia na kutoboa matundu.