Tupeane uzoefu: mtoto anaogopa masomo, tumsaidie namna gani kiimani?

Mama Himbi (Goma)
Jambo wote. Masomo yanafunguliwa Septemba na najua nyumba nyingi machozi yataanza hata kabla ya madaftari kununuliwa. Naomba tupeane mbinu: nini hufanywa, saa ngapi, na nini huharibu. Ushuhuda mrefu tuuache kwa Jumapili.

Muniteri wa Katindo
Watoto wa shule ya Jumapili hufundishwa kupumua na mstari. Zaburi 23:1 imekatika vizuri kwa kazi hii. Anavuta pumzi kwa pua akisema moyoni «Bwana ndiye mchungaji wangu», kisha anaitoa polepole kwa mdomo, «sitapungukiwa na kitu». Kuvuta kuhesabu 4, kutoa kuhesabu 6, mara tano. Kutoa ndiko kuwe kurefu, maana ndiko kunapunguza mwendo wa moyo.

Watoto wengi hukosea hapa: wanavuta kwa nguvu na haraka, wanapata kizunguzungu, vidole vinawasha, basi wanaogopa zaidi. Mwambie apumue kidogo tu, bega lisipande. Na zoezi lifanywe jioni mtoto akiwa ametulia, wiki mbili kabla ya kufungua. Ukimfundisha mbele ya mlango wa shule huku analia, hashiki kitu.

Wadogo wa miaka 5 au 6 wape mstari mfupi, Zaburi 56:3: «Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe.» Daudi hasemi hana hofu. Basi acheni kuwaambia watoto «Mkristo haogopi». Mtoto akisikia hivyo anaificha hofu, na hofu iliyofichwa inatokea tumboni.

Papa Infirmier, Ndosho
Muniteri kagusa tumbo, niongeze. Maumivu yanayokuja Jumatatu hadi Ijumaa asubuhi na kupotea Jumamosi, mara nyingi ni hofu. Lakini kwetu huku usikimbilie kusema ni hofu. Homa, kuhara, damu kwenye choo, kupungua kilo, au maumivu yanayomwamsha usiku: mpeleke kituo cha afya kwanza, kuna malaria, minyoo na amiba. Maombi na kipimo haviendi vitani.

Ikionekana hakuna ugonjwa, usimwache nyumbani. Kila siku anayobaki, kesho yake inakuwa nzito zaidi, kwa sababu kubaki kumempa nafuu ya haraka na mwili unaikumbuka. Panga na direkta wa shule: siku mbili za kwanza abaki hadi rekreasyo (mapumziko ya asubuhi), kisha nusu ya siku, kisha siku nzima. Sala ya kuagana iwe ya dakika moja, mlangoni, halafu mzazi aondoke. Sala ndefu ya machozi inamwonyesha mtoto kwamba kweli huko aendako kuna hatari.

Mwalimu wa sita, Kadutu (Bukavu)
Mimi nazungumzia ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, darasa la sita. Kila mwaka mambo mawili yanaangusha watoto wanaojua: mkesha na kufunga. Mtoto wa miaka 11 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi. Ukimkesha kanisani usiku wa kuamkia mtihani, asubuhi anasoma swali moja mara tatu na haelewi. Akifunga chakula, ifikapo saa nne mikono inatetemeka. Anayetaka msingi wa Biblia afungue 1 Wafalme 19: Eliya amechoka hadi anaomba kufa, na malaika hakumhubiria. Alimwachia alale, akampa mkate na maji, akalala tena, akala tena. Maongezi yalikuja baadaye. Basi bui (uji) na beinye (maandazi) mbili kwanza, ndipo mstari.

Jambo la pili, msimwahidi mtoto kwamba Mungu atampa 80%. Akipata 54 atajiuliza kama Mungu amemkataa au kama ametenda dhambi. Aombe kumbukumbu na utulivu, na amwombee mwenzake wa bench. Hilo la kumwombea mwenzake linafanya kazi kuliko linavyoonekana: linamtoa kidogo kwenye kujitazama mwenyewe.

Mama Keshero
Na anayeogopa kwa sababu ya minervali, yaani karo ya shule? Wanaitwa majina mbele ya darasa, wanarudishwa nyumbani.

Mwalimu wa sita, Kadutu (Bukavu)
Hapo mama, hofu si ya mtoto, ni deni la mzazi. Usimwombee atulie halafu umtume peke yake na barua ndogo mkononi. Nenda kwa direkta kabla ya siku ya kufukuza, upange malipo kwa vipande, uombe kibali kilichoandikwa, mtoto akiweke ndani ya zhurnali yake (daftari la mawasiliano na shule). Kikiwepo, anajua la kujibu akiitwa.

Pasta wa Majengo
Neno moja kwa ndugu zangu watumishi. Mtoto anayekojoa kitandani, anayeota ndoto mbaya, anayekataa masomo, asiitwe mlozi. Sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto ya 2009, kifungu cha 160, inamwadhibu anayemshitaki mtoto hadharani kwa ulozi. Miji yetu imesikia risasi nyingi; mtoto kushtuka mlango ukigongwa haihitaji pepo.

Ikipita mwezi bado halali, hachezi, anarudia-rudia mambo aliyoyaona, au anasema afadhali afe (hiyo ya mwisho usingoje hata siku moja), mpeleke kwa wataalamu: Goma kuna Tulizo Letu, Bukavu kuna SOSAME, zote ni vituo vya afya ya akili vya Mabruda wa Upendo, shirika la Kikatoliki. Unaweza kumsindikiza na kumwombea njiani.

Mama Himbi (Goma)
Aksanti. Muniteri, kwa wale wa miaka 14 wanaoona haya kuomba na mzazi, hufanywaje?

Muniteri wa Katindo
Usimlazimishe kuomba kwa sauti. Mpe daftari: upande wa kushoto aandike kinachomtisha kwa jina lake hasa, si «masomo», bali «kuitwa ubaoni kwenye hesabu». Kulia aandike sala ya mstari mmoja na hatua moja ya kesho. Na wewe usilisome bila ruhusa yake.