Kamba ya nanga: katani, makumbi au nailoni? Nguvu na kuvutika

Mwuliza (Sahare, Tanga)
Wakuu salaam. Mashua ya futi 24, uzito kama tani moja ikiwa tupu. Inalala mbele ya pwani, maji ya bamvua (yale makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu) yakijaa kina kinafika mita 5, yakitoka kinapungua sana. Kamba ya nanga ni katani ya milimita 12, urefu mita 20, ina miezi minne tu na imeshaanza kunyofoka pale inapopita omo, yaani ncha ya mbele ya mashua. Kusi linakaribia. Dukani kila muuzaji anasema yake ndiyo "imara". Naomba mwenye vipimo anieleze: ipi inabeba zaidi, ipi inavutika zaidi, na kuvutika huko ni sifa au ni ila?

FundiKamba
Mkuu, tuanze na mzigo wa kukatikia, yaani uzito unaoikata kamba; kamba mpya ya misokoto mitatu, milimita 12 zote:

Katani karibu kilo 950. Polipropilini karibu 2,000. Poliesta 2,200 na kitu. Nailoni karibu 3,000. Makumbi (nyuzi za ganda la nazi) yapo chini ya katani kwa mbali, hata kwenye mashindano hayamo.

Hizo ni za kukatikia, si za kufanyia kazi. Kamba ya katani usiipe zaidi ya moja ya tano, yaani kilo 190 hivi. Ukiifunga fundo, toa tena karibu nusu, kwa sababu nyuzi za nje ya kona zinabeba peke yake na za ndani zimelegea.

Sasa kuvutika. Wimbi halivuti mashua taratibu kama mzani, linaitupa. Tani moja ikienda mita 1 kwa sekunde, ukiisimamisha ndani ya sentimita 20, kani ya wastani ni kama kilo 250. Ukiisimamisha ndani ya sentimita 70, inashuka hadi kilo 70 na kidogo. Wimbi ni lile lile, mashua ni ile ile. Kwa hiyo kwenye nanga kuvutika ni sifa, na nailoni ndiyo inayovutika sana halafu ikarudi. Poliesta ni nzuri kwa kamba ya tanga, ambayo hutaki irefuke upepo ukishika.

MkongeHalisi
Tanga ni mji wa mkonge, kwa hiyo siwezi kunyamaza, lakini kwa nanga namuunga mkono FundiKamba. Tatizo la katani halikuanzia kwenye kusokota, liko kwenye uzi wenyewe. Uzi mmoja wa katani unakatika ukirefuka asilimia 2 au 3 tu. Kamba inavutika zaidi ya hapo kwa sababu ya msokoto unaokaza, na msokoto ukishakaza mara nyingi haurudi.

Makumbi ni kinyume. Uzi wake unaweza kurefuka asilimia 15 hadi 40 kabla ya kukatika. Sababu ni kwamba ndani ya uzi kuna vijiuzi vidogo vilivyojizungusha. Kwenye katani vimelala karibu sambamba na urefu wa uzi, kwa hiyo ukivuta unavuta vijiuzi vyenyewe. Kwenye makumbi vimejizungusha kwa pembe pana kama springi. Unanyoosha springi kwanza, nguvu inakuja baadaye. Sufu ya kondoo nayo ni ya tabia hiyo kwa njia yake: uzi wake ni dhaifu kuliko pamba, lakini unarefuka kama asilimia 30 ukiwa mkavu, ukilowa zaidi. Ndiyo maana uzi wa sufu unanyooka na kurudi, na wa pamba haufanyi hivyo.

Kwa hiyo msichanganye "imara" na "ngumu kuvutika".

Katani ibaki kwenye kufungia mizigo na magunia. Ikilowa inavimba na kufupika, fundo linakaza lenyewe. Ila kwenye maji na tope bakteria wanaila, na hiyo miezi minne yako haishangazi. Fungua msokoto uangalie ndani: ukikuta vumbi la kahawia au nyuzi zinazokatika kwa vidole, tupa, hata kama nje inapendeza.

Mwuliza
Shukrani wakuu. Sasa dukani nitajuaje kama ni nailoni kweli? Zote ni nyeupe zinang'aa.

FundiKamba
Kata kipande cha sentimita 5, kitie kwenye ndoo ya maji na ukibinye ili hewa itoke. Kikielea, si nailoni, mara nyingi ni polipropilini. Nailoni na poliesta zinazama. Ukiiwasha, polipropilini inanukia nta ya mshumaa. Nayo inaharibiwa sana na jua: ikianza kutoa unga mweupe mkononi, imekwisha.

Kutenganisha nailoni na poliesta: weka alama mbili kwenye kamba nyembamba, mita 1 kati yake, ninginiza ndoo ya lita 20 iliyojaa, pima. Ya nailoni inarefuka waziwazi zaidi. Ondoa ndoo, subiri dakika 10, pima tena. Isiporudi karibu na mita 1, usiinunue.

Na urefu: mita 20 ni fupi. Jumlisha kina cha maji ya bamvua na kimo cha omo juu ya maji, kisha zidisha angalau mara 5: kina peke yake ni mita 25, kimo cha omo kinaongeza. Kamba fupi inanyanyua nanga badala ya kuilaza, hapo hata nailoni haikusaidii.

PwaniKusini
Nyongeza moja, maana hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Nailoni inavutika, kwa hiyo inasugua omo kila wimbi, mbele nyuma, kuliko katani. Ikiwa bado ni ile kona ya mbao iliyokula katani yako, itaila na hii. Ivishe kamba kipande cha hosi ya mpira, sentimita 40, ukifunge kwa uzi kwenye kamba, si kwenye mashua. Mwisho wa kamba usifunge fundo: tia pete ya chuma na uunge kwa kupishanisha misokoto. Katani mipisho 3 inatosha, nailoni inateleza, fanya 5 na uchome ncha kwa moto. Mita 3 za upande wa nanga weka mnyororo, pale chini kuna matumbawe.