Kulala msituni na mbwa mvua hizi, upande wa Chenene au Kolo, mnashaurije wakuu?

Kijana wa Ipagala

Habari za jioni wakuu, niende moja kwa moja.

Mimi na mdogo wangu (mtoto wa mama mdogo) tunataka kutoka Dodoma mjini Jumamosi moja mwezi huu wa kwanza tukalale msituni usiku mmoja tu, kesho yake turudi. Tumelenga barabara ya Kondoa, ama tuishie milima ya Chenene ama tusogee hadi Kolo kwenye michoro ya miambani, bado hatujakubaliana. Hatuna kampuni ya utalii wala nini, tuna hema la mtumba la watu wawili, turubai la bluu, jiko la gesi la mtungi mdogo, na mbwa.

Mbwa ndo swali lenyewe. Anaitwa Chuma, mbwa wetu huyu huyu wa kienyeji ila kapanda juu, manyoya mafupi, mchana anabweka mpaka kwa kuku wa jirani lakini radi ikipiga Chuma anaingia uvunguni hatoki mpaka umvute miguu. Kumwacha nyumbani haiwezekani maana akibaki peke yake analia usiku kucha na mtaa mzima asubuhi unanitafuta mimi. Sasa mdogo wangu anasema mbwa alale nje chini ya turubai, afungwe kamba, alinde. Mi nataka alale ndani ila hema ni dogo na mbwa akilowa mnaijua harufu yake. Tufanyeje? Na fisi je? Na kuna kibali chochote kinahitajika au tunaingia tu?

Najua kuna watakaosema subirini kiangazi. Kiangazi pori lote linakuwa kijivu, majani yamepukutika, unatembea kwenye kuni. Sasa hivi ndo Dodoma ina rangi, kwa hiyo tunaenda, nisaidieni namna tu.

Mzee wa Uji

Mvua zenyewe za Dodoma ni za kuomba, Desemba hadi Aprili basi, miezi mingine yote tunakula vumbi, afu zikija we unazifuata porini na mbwa muoga 😂😂 Nendeni bwana, vijana wengine wikiendi zao ni kiti kirefu tu.

Turubai la Bluu

Jina langu linajieleza mkuu, kwa hiyo nivumilieni nitaandika ndefu.

Hema kwanza weka pembeni, anza na mahali. Kule kuna makorongo ya mchanga, ukiyaona mchana yanavutia kweli, pasafi, tambarare, hakuna miiba, mbwa anakimbia anavyotaka na we unasema hapa hapa. Usilale humo na usilale ukingoni. Mvua inaweza kupiga huko mlimani wakati kwenu nyota zinaonekana, afu usiku wa manane mnasikia kitu kama lori linamwaga kokoto, hayo ni maji yanakuja na magogo na hayasubiri mtafute viatu. Na msishuke mbugani kwenye ule udongo mweusi, ukilowa unashika mguu, unashika gari, hema lenyewe linageuka kinamasi. Tafuteni mgongo wenye udongo mwekundu wa kichanga, wenye mteremko kidogo, mlale kichwa upande wa juu. Mkishapata angalieni juu kama kuna tawi lililokufa, na mkae mbali na mti mmoja mrefu uliojitenga peke yake, hasa mibuyu, watu wanapenda sana kulala chini ya mbuyu kwa ajili ya picha ila kwenye radi huo ndo mti wa kwanza kuukimbia. Bora katikati ya miti ya wastani iliyolingana.

Sasa hema. La mtumba mara nyingi linakuja bila kile kifuniko cha juu, ukiwa nalo hilo mvua ikipiga nusu saa linaanza kudondosha kwa ndani. Chukua mshumaa usugue mishono yote siku moja kabla, hasa pembe za chini. Halafu funga kamba kati ya miti miwili, turubai lipite juu ya hema LISILIGUSE, uache nafasi hata ya mkono upite, likigusa maji yanapenya pale pale. Upande unaotoka upepo ulishushe chini kabisa. Kamba tumia ya nailoni lakini kabla ya kulala toka uikaze tena maana ikilowa inalegea, ya mkonge ni kinyume chake, inajikaza yenyewe mpaka inang'oa vigingi. Na kitu ambacho watu hawakijui, maji yanatembea juu ya kamba yanaingia nayo mpaka chini ya turubai. Funga kitambaa kidogo, hata kipande cha fulana, kwenye kamba kabla haijafika kwenye turubai, maji yakifika pale yanadondokea nje. Kaa na tochi uangalie, tone moja moja linaishia kwenye kile kitambaa.

Nailoni ya kutandika chini iwe NDOGO kuliko hema. Ikitokeza nje inakinga mvua yote na kuwaletea mgongoni.

La mwisho afu ninyamaze, msiingize jiko ndani ya hema hata mvua iwe kubwa vipi, la gesi msiingize, la mkaa ndo kabisa. Moshi wa mkaa unaoua hauna harufu, mnalala vizuri tu na hamuamki, na mbwa naye hawaamshi kwa sababu amelala pia. Pikeni chini ya turubai upande uliowazi.

Dogo wa Pahi

Mnamtisha bure mwenzenu. Mi nimekulia huku, mbwa wetu wanalala nje mvua na jua, mbwa kazi yake ulinzi ukimlaza ndani unamharibu. Na kama wanaogopa mvua kule Kolo si kuna mapango ya mawe, kavu kabisa, wanawasha moto wao wanalala bila hema.

Nyota ya Bereko

Mdogo wangu wa Pahi, kwa hilo la mapango hapana, na we wa huku huku unajua kabisa. Ile michoro imeandikwa Urithi wa Dunia na UNESCO tangu 2006, imekaa pale maelfu ya miaka, afu mtu awashe moto chini yake moshi upande ukutani kwa sababu kaogopa kulowa? Na kuna sehemu kama Mungumi wazee bado wanaenda kufanya matambiko ya kuomba mvua, huyu akifika na mbwa wake kajikunja katikati ya mahali pa watu, atawaeleza nini? Michoro waende mchana, wapite ofisi ya mambo ya kale pale Kolo walipie, wapewe mtu wa kuwaongoza, mbwa abaki na mmoja wao nje. Kulala wakalale kwingine.

Kuhusu mbwa kulala nje, nyumbani na porini ni vitu viwili. Nyumbani kuna ua, kuna watu, kuna mbwa wenzake. Porini ukimfunga kamba nje umemnyima mguu wa kukimbilia. Fisi wakiwa wawili watatu wanamzunguka na chui ndo mpenzi wa mbwa namba moja, anachukua kimya kimya. Mlinzi ni masikio yake, na masikio yanasikia hata akiwa ndani ya hema. Alale ndani miguuni kwenu. Mabaki ya chakula na mifupa msiache karibu, fungeni kwenye ndoo yenye mfuniko na sufuria muoshe kabla ya kulala hata kama mvua inanyesha, fisi anavutwa na harufu zaidi kuliko na nyie.

Dogo wa Pahi

Dada la mapango nimekubali. La mbwa bado.

Bwana Mifugo

Mmeongea yote mmesahau kumuuliza mbwa mwenyewe hali yake. Chuma amechanjwa kichaa cha mbwa? Kadi ipo? Kama chanjo imepita mwaka nenda ofisi ya mifugo ya kata kabla ya safari na si siku moja kabla, chanjo inataka wiki kadhaa ifanye kazi. Porini huko atakutana na mbweha, fisi, mbwa wa wafugaji, na mkwaruzano mmoja unatosha. Na ikitokea nyie mmeng'atwa, osheni kidonda kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni dakika 15 afu mwende hospitali siku hiyo hiyo, msiweke vitunguu wala mafuta ya breki.

Mvua hizi ndo kupe wanapanda kwenye nyasi. Mpake dawa kabla, ila naomba sana usichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe ukakadiria kwa kizibo, muulize mtu wa duka la mifugo kipimo cha mbwa na kwa uzito wake. Mkirudi mpapase masikio kwa ndani, kwapani, katikati ya vidole, chini ya mkia. Kupe ukimkuta mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi uvute moja kwa moja, usimchome na njiti ya kiberiti. Halafu wiki mbili tatu zinazofuata muangalie, akikataa kula, fizi zikipauka, mkojo ukawa wa rangi ya kahawa, hiyo ni homa ya kupe na si mafua ya kulowa kama watu wanavyosema, mlete haraka.

Maji msimwache anywe ya madimbwi, bebeni yake. Mkojo wa panya unaingia kwenye madimbwi hayo, ndo njia ya ile homa ya mgunda iliyosumbua Lindi 2022, na mbwa akiipata anaweza kuwaambukiza nyie. Kumbikumbi wakitoka akila wachache hamna neno, akila mpaka ashibe atatapika, na atatapikia ndani ya hema.

Alale ndani. Mbwa mwenye manyoya mafupi akilowa na upepo ukapiga usiku kucha anatetemeka mpaka anaishiwa nguvu, tena huyo muoga wa radi akiwa nje atakata kamba mtamtafuta mpaka Singida. Chukueni gunia safi na taulo kuukuu mbili, moja ya kumkausha mlangoni kabla hajaingia, nyingine ya kulalia. Tumbo na miguu ndo mkaushe zaidi. Mkimkausha vizuri harufu yenyewe haizidi ya soksi zenu.

Mtendaji Mstaafu

Vijana, suala la kibali mmeliruka wote. Milima ya Chenene ina msitu wa hifadhi. Pita ofisi ya TFS (wakala wa misitu wa serikali) ya wilaya husika, sema unataka kulala usiku mmoja, na uulize la mbwa waziwazi. Kama ni msitu wa kijiji nenda kwa mtendaji wa kijiji, mwenyekiti ajue, kitongoji kijue. Haichukui muda, na wakati mwingine mtapewa kijana wa kuwaonyesha pa kulala, mpeni chochote.

Nasema hivi kwa sababu ya mbwa. Vijana wawili, tochi, mbwa mkubwa, usiku, msituni: kwa askari wa misitu na kwa wanakijiji hao ni wawindaji, hakuna atakayewauliza kama mmekuja kupumzika. Kuwinda kwa mbwa ni kosa na wanaofanya hivyo wako wengi. Kwa hiyo barua iwe mfukoni kwenye nailoni isilowe, mbwa awe kwenye kamba muda wote, panga mlilobeba liwe dogo na msikate mti mbichi. Swagaswaga na Mkungunero msithubutu kukanyaga na mbwa, yale ni mapori ya akiba.

Kijana wa Ipagala

Wakuu asanteni sana, nimesoma yote na mdogo wangu nimemsomea kwa sauti, amenyamaza. Mzee mstaafu hilo la kuonekana wawindaji halikuwa akilini kabisa, Jumatatu naenda TFS. Kolo tumeitoa, tutaenda siku nyingine bila Chuma. Kadi yake ya chanjo ipo ila muda wake umeisha miezi minne iliyopita, kwa hiyo safari inasogea mwezi wa pili, kwanza achanjwe.

Sasa limebaki moja, radi. Akianza kuhangaika ndani ya hema la watu wawili si atalichana? Kuna dawa ya usingizi?

Bwana Mifugo

Dawa ya usingizi usimpe, porini akizidiwa utampeleka wapi. Mvalishe fulana yako ya zamani imbane kifuani, miguu ya mbele ipite mikononi, funga fundo mgongoni. Wengi wanatulia wakibanwa hivyo. Mtoe akojoe kabla mvua haijaanza, mchoshe mchana, na akija kujificha kwako mwache ajifiche, usimfokee na usimvute. Kucha zake punguza wiki hii ili hema lipone. Na lala naye na hema lile mara moja uani kwako mvua ikinyesha, hapo utajua kama mnatosha.

Turubai la Bluu

Hilo la uani ni la dhahabu, na utajua hema linavuja wapi ukiwa hatua kumi kutoka kitandani. Februari mara nyingi mvua inakata kidogo hapa katikati, kwa hiyo msishangae mkienda mkakuta kavu, turubai fungeni vile vile. Mnaenda na usafiri gani?

Kijana wa Ipagala

Kirikuu ya mjomba.

Turubai la Bluu

Iacheni barabarani kijijini kwa mtu mliyeongea naye, msiingie nayo ndani. Kutoka kwake baada ya mvua mtaita trekta.

Dogo wa Pahi

Trekta lenyewe msimu huu liko shambani 😂 Bebeni jembe.